Usimsubiri Aje Kugonga Mlango wa Ofisi

Mhadhiri mwenzangu, ukisubiri mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu aje kujieleza, utamsubiri mpaka UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Wengi hawaji. Nani anapenda kufungua muhula kwa kumsimulia mtu asiyemjua habari za macho yake? Mimi naandaa somo kana kwamba yumo darasani tayari, hata kama CR, kiongozi wa darasa, hajanitajia mtu.

Kwenye handauti ndiko tunakoharibu zaidi. Tunaskani sura ya kitabu, tunaitupia kwenye grupu la WhatsApp, basi. Kwa asiyeona, PDF ile ni picha tupu. Programu ya kusoma skrini kama NVDA (ni ya bure, na walioianzisha ni Waaustralia wawili wasioona) ikifika hapo haina la kusema. Kujipima ni rahisi: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kushikika, programu nayo haitalisoma. Tafuta nakala yenye maandishi halisi, au ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha uikague mwenyewe, maana Kiswahili huwa inakitafuna.

Mwenye ualbino naye tunamwambia "kaa mbele", tukadhani yamekwisha. Pengine huko mbele ndiko kwenye mwanga wa dirisha unaomuumiza, na bado ubao hauoni vizuri. Tuma slaidi mapema, azikuze kwenye simu yake. Tuma kwa darasa zima, asijulikane nani alizihitaji hasa. Mtasema wakipewa slaidi watatoroka kipindi. Watoro walikuwapo tangu enzi za chaki.

Ukiandika ubaoni, taja unachoandika. "Hii ukiileta hapa inakuwa vile" haimsaidii asiyeona, wala aliyeinamia daftari. Sema "natoa tatu pande zote mbili." Na ongea ukilitazama darasa, mwenye usikivu hafifu anasoma midomo, hasomi kisogo.

Halafu kuna kile kimya cha semina, ambacho wengi hukiita uvivu. Kwa Tanzania, wanafunzi wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha karibu masomo yote sekondari. Mimi nawaacha wabishane wawili wawili kwa Kiswahili dakika chache, ndipo nawaomba walete hoja kwa Kiingereza. Wapo wenzetu watakaokunja uso. Lakini mtihani unabaki wa Kiingereza vilevile, na aliyekwisha kuipigania hoja yake kwa Kiswahili hutafuta maneno tu, hoja anayo.