Maswali na Majibu: Fleti ni yako, jengo ni la nani?

Maswali ya safari hii ni ya wasomaji walioko Uingereza walionunua fleti, kumbe walichonunua ni mkataba wa kukaa kwa miaka fulani tu (leasehold). Jengo na ardhi vina mwenyewe. Majibu ni ya England na Wales. Scotland ina sheria zake.

Tuko fleti 12 na chini kuna duka. Watu saba tunataka kununua jengo. Tunatosha?

Kwa idadi mnatosha. Sheria ya 1993, inayowapa wenye fleti haki ya kununua jengo kwa pamoja, inataka wanunuzi wawe na angalau nusu ya fleti zote, kwa hiyo hata sita wangetosha. Tena theluthi mbili ya fleti, yaani nane kwenu, ziwe za watu ambao mikataba yao ilitolewa mwanzoni kwa zaidi ya miaka 21. Mtu mwenye fleti tatu au zaidi humo ndani hahesabiwi katika hao. (Jengo likiwa na fleti mbili tu, lazima wote wawili wakubali.)

Kinachotutia wasiwasi ni duka. Pimeni sakafu ya ndani, mkiacha ngazi na korido za wote. Kwa sheria ya 1993, sehemu isiyo ya makazi ikizidi asilimia 25, haki hiyo hamna. Sheria mpya ya 2024 imeandika 50, ila vifungu vyake vinaanza kutumika kwa awamu. Mwambieni wakili athibitishe kabla ya kumpa mwenye jengo notisi ya kununua.

Mwenye jengo ametutajia pauni laki moja. Bei inapatikanaje?

Hiyo ni bei ya mdomoni. Mthamini hujumlisha mambo matatu: pango la ardhi ambalo mwenye jengo atalikosa, thamani ya fleti kumrudia mkataba ukiisha, na nyongeza kwa mikataba iliyobakiza miaka 80 au pungufu.

Chukua fleti ya pauni 300,000, pango pauni 200 kwa mwaka, imebaki miaka 90. Kwa kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka, kinachotumika sana kwa fleti kupunguza pesa ya baadaye iwe thamani ya leo, thamani ya kurudiwa ni kama pauni 3,700. Pango, likikokotolewa kwa asilimia 6, ni kama 3,300. Jumla ni kama 7,000. Ikibaki miaka 70, thamani ya kurudiwa peke yake inakaribia 9,900, kisha inakuja ile nyongeza: nusu ya faida inayopatikana mkataba na jengo vikiwa mikononi mwa mtu mmoja. Mara nyingi hiyo ndiyo inayouma kuliko zote.

Thamani hupimwa kwa siku ya notisi. Mkataba uliobakiza miaka 80 na miezi miwili haufai kusubiri kikao kingine cha wakazi.

Jambo ambalo wengi hulisahau: mnanunua jengo zima, pamoja na sehemu za wale watano waliokataa. Pesa ya fleti zao itoke kwa nani? Andikeni hilo katika makubaliano yenu, na kila mtu asaini, kabla ya hatua yoyote.

Notisi imeshakwenda. Sasa?

Wakili aisajili Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi, mara moja, ili jengo likiuzwa mnunuzi mpya naye afungwe nayo. Mwenye jengo lazima apewe angalau miezi miwili ya kujibu. Akikubali haki yenu lakini mkabishania bei, subirini miezi miwili tangu jibu lake, kisha mnaweza kwenda First-tier Tribunal, baraza linaloamua migogoro kama hii. Mwisho ni miezi sita tangu jibu hilo. Akinyamaza kabisa, mnakwenda mahakama ya County Court, nako ndani ya miezi sita tangu siku aliyotakiwa kujibu.

Mkipitisha tarehe hizi, notisi inahesabiwa mmeiondoa, na hamtoi nyingine kwa miezi 12. Gharama za kuridhisha za wakili na mthamini wa mwenye jengo mtalipa hata hivyo. Za kwake za barazani hazimo.

Mwenye jengo hajulikani aliko.

Lipieni kwanza nakala ya hati Land Registry, pauni 7, mpate jina na anwani. Asipopatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, mahakama inaweza kuamuru jengo lihamishwe. Baraza hupanga bei, na pesa huwekwa mahakamani.

Tukishanunua, ada zinakwisha?

Pango mnaweza kujifutia. Ada ya huduma inabaki: bima, paa, lifti na ukaguzi wa hatari za moto sasa ni mzigo wa kampuni yenu, ile mliyoiunda kumiliki jengo. Mikataba ya fleti nayo hairefuki yenyewe. Kampuni iwape wanachama mipya, kwa kawaida ya miaka 999, na ni nafuu kuifanya siku ileile ya kukamilisha ununuzi.

Mchagueni pia mtu wa kupeleka hesabu na taarifa ya kila mwaka Companies House, msajili wa kampuni. Zisipopelekwa, kampuni hufutwa, na jengo mlilolipia linaangukia mikononi mwa Taji, yaani dola.