Namba 15 au 12? Propela ya boti ya mzigo yenye mashine ya HP 40

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina boti ya faiba ya futi 26 hapa Kilwa, mashine ni Yamaha Enduro ya HP 40. Propela ya zamani ilikatika panga (bawa lake moja), nikauziwa nyingine iliyogongwa 11 x 15. Muuzaji akanihakikishia kuwa namba kubwa ndiyo mwendo. Sasa nikipakia barafu, nyavu na mabaharia, boti inakokota na petroli inaisha njiani. Nimepima: mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho, ikiwa na mzigo inafika RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika) 4,200, na simu inaonyesha kilomita 20 kwa saa. Ikiwa tupu inafika 4,900. Kitabu cha mashine kinasema 4,500 hadi 5,500. Ninunue namba ngapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kupima kabla ya kuuliza. Wengi huniambia tu "boti nzito", nami hapo sina pa kushika.

Kwenye 11 x 15, namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Inchi 15 ni kama sentimita 38. Gia ya mashine yako hupunguza mizunguko kwa nusu, kwa hiyo kwenye 4,200 propela inazunguka mara 2,100 kwa dakika. Piga hesabu: ni kilomita 48 kwa saa, nawe unapata 20. Zaidi ya nusu ya kazi hiyo inaishia kuvuruga maji. Muuzaji alikuwa sahihi kwa boti nyepesi inayoteleza juu ya maji. Yako ni boti ya mzigo.

Mashine hutoa nguvu zake 40 ikiwa ndani ya mizunguko iliyoandikwa kitabuni. Kwenye 4,200 umefungua mafuta yote lakini nguvu hizo huzipati. Ni kama kupanda mlima na lori kwa gia ya tano. Petroli kuisha njiani ni hasara ya kila siku, lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni joto: pistoni zinaelemewa, masizi yanaganda kwenye ringi, na siku moja mashine inakaba mkiwa mbali na pwani. Usiendelee kuifungua mpaka mwisho ukiwa na mzigo na propela hiyo.

Sasa namba. Ukishusha pichi kwa inchi moja, RPM hupanda kati ya 150 na 200. Ukichukua 13, mzigoni utafika 4,500 au 4,600: umegusa mlango tu, na boti ikiota majani chini unarudi ulipokuwa. Ukichukua 11, mzigoni utapata 4,800 hadi 5,000, safi kabisa, lakini ikiwa tupu inaweza kufika 5,700, na hapo unaivunja mashine kwa upande wa pili. Namba 12 inakupa 4,650 hadi 4,800 na mzigo, na 5,350 hadi 5,500 ikiwa tupu. Inaingia pande zote mbili. Mimi ningenunua 12, na ningemwambia nahodha apunguze mkono kidogo akitoka bila mzigo. Usishangae ukikuta ya 12 ina kipenyo kikubwa kidogo kuliko uliyonayo. Hutengenezwa hivyo makusudi, ili ishike maji zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha silinda zote mbili zinachoma, maana silinda moja ikilala hakuna propela itakayokusaidia. Tazama pia lile bapa lililo juu ya propela: liwe karibu usawa na chini ya boti. Mashine ikikaa juu mno, propela inavuta hewa. Ikizama mno, inaburuza maji bure.

Wakati wa kubadilisha, chomoa kwanza waya za plagi zote, mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye panga. Propela ikitoka, angalia nyuma yake: mshipi wa kuvulia ukijizungusha pale hukata sili (mpira unaozuia maji), maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Paka grisi kwenye meno ya shafti, rudisha washa (vile vipete vya chuma) kwa mpangilio uleule, na weka kotapini mpya, yaani pini inayozuia nati isifunguke. Kisha ipeleke majini na mzigo wako wa kawaida, bahari ikiwa shwari, upime tena. Ukipata chini ya 4,500, tatizo halipo kwenye namba, niandikie tuangalie mashine yenyewe.

Ile ya 15 usiiuze. Ibaki botini pamoja na spana na kotapini ya akiba: 12 ikigonga mwamba, itakurudisha nyumbani kwa mwendo wa pole.