Dada wa kazi kaondoka, mtoto kagoma kula: hajarogwa

Dada uliyeleta uzi, umesema msichana wako wa kazi kaenda kwao kuolewa, mwanao wa miaka miwili kagoma kula, anashinda mlangoni, na mama mkwe anasema karogwa. Kwanza mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na masikio. Akiwa mzima, basi anamlilia mtu wake.

Kwangu yalitokea. Mke wangu anafanya kazi ya zamu, mimi natoka alfajiri kuwahi foleni. Aliyejua kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi alikuwa dada. Tuseme ukweli, kilichomuuma mke wangu zaidi ya kelele ni kusikia mtoto anaita jina lisilo lake. Wivu huo upo, usijilaumu.

John Bowlby, daktari Mwingereza aliyeanzisha nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi, mwenyewe alilelewa na yaya, na yaya huyo alipoondoka Bowlby hajafikisha miaka minne. Aliikumbuka huzuni ile hadi ukubwani. Na Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye, alianzia hapa jirani: mwaka 1954 alikuwa vijijini karibu na Kampala, akizitembelea familia 26 na kuwatazama watoto nyumbani kwao. Aliona kwamba mtoto hamng'ang'anii tu anayemtia chakula mdomoni. Anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, na akiwa na mtu wake karibu ndipo anapothubutu kwenda kuchezea vitu vya mbali.

Sisi mke wangu alikataa dada aondoke kwa kunyatia mtoto akiwa amelala. Mtoto aliagwa mchana kweupe, akalia sana. Lakini hakubaki akimtafuta chini ya kitanda. Dada aliacha khanga kuukuu. Shangazi akataka ichomwe, tukakataa, mtoto akalala nayo. Usiifue haraka, harufu ndiyo anayoitaka. Jumapili tulimpigia dada simu ya video. Wapo watakaosema hapo unatonesha kidonda. Wetu alilia simu za mwanzo, baadaye akawa anamwonyesha viatu vyake.

Na huyo msichana mpya usimfukuze eti mtoto hamtaki wiki ya kwanza. Mwache amwogeshe wewe ukiwepo, kaa pembeni, kisha sogea polepole. Ukibadilisha wasichana kila mwezi, hapo ndipo utamtia mtoto kwenye shida yenyewe.