Klorini ya bidoni na kloridi ya jani

SWALI: Nalima nyanya na maharagi ndani ya magunia ya udongo hapa Himbi, Goma. Maji yangu ni ya ziwa, yanatiwa klorini pale tunapochota. Mwanangu amesoma shuleni kwamba bila klorini jani haliwezi kufanya usanisinuru, basi nikaanza kutia kijiko cha chai cha chumvi ya jikoni katika kila bidoni ya lita 20. Sasa maharagi yanaungua kwenye kingo za majani. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, mtoto hakudanganya, ila jina limewachanganya. Klorini inayoua vijidudu ni kali. Kinachotumiwa na mmea ni kloridi, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) tulivu iliyomo ndani ya chumvi. Klorini kidogo ya maji ya kunywa ikikutana na mboji ya udongo hugeuka kloridi upesi, kwa hiyo maji yenu hayadhuru mimea kwa sababu hiyo. Yakinuka sana, yaache wazi usiku kucha.

Ndani ya jani, kazi ya kloridi iko mahali maji yanapopasuliwa. Kuna kikundi cha atomi, manganizi 4 na kalsiamu 1: molekuli 2 za maji huingia, hutoka oksijeni, elektroni 4 na protoni 4. Pembeni yake hukaa ioni 2 za kloridi. Moja huizuia asidi amino (tofali la protini) iitwayo lisini isishikane na jirani yake mwenye chaji hasi. Wakishikana, njia ya kutolea protoni huvurugika na kazi hukwama katikati. Kloridi yenyewe hailiwi katika kazi hiyo, ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha: gramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo ya majani makavu. Tena kloroplasti, vichembe vya kijani vinavyofanya usanisinuru, huishikilia kwa nguvu. Bitiruti zilizonyimwa kloridi katika majaribio zilidumaa, majani yakawa madogo, lakini kila kipande cha jani kiliendelea na usanisinuru karibu kama kawaida.

Huko Goma upungufu wake ni kitu cha kusoma vitabuni. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya asidi hidrokloriki, na mvua inayoupitia hushuka na kloridi (pamoja na asidi, ambayo nayo hutoboa majani madoa). Ukitia mbolea ya 17-17-17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), potasiamu yake mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Hapo gramu 100 hubeba karibu gramu 13 za kloridi.

Sasa hesabu ya kijiko chako. Gramu 6 za chumvi katika lita 20 ni kama miligramu 180 za kloridi kwa lita, juu ya ile iliyokuwemo. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huanza kuonya kwenye 142 kwa mimea isiyovumilia, au 106 maji yakinyunyizwa juu ya majani. Sodiamu nayo imo. Gunia halina pa kupeleka chumvi: maji hukauka, chumvi hubaki, na kila bidoni huongeza. Maharagi ni dhaifu mno mbele ya chumvi. Nyanya huvumilia zaidi, lakini zingefuata.

Acha chumvi leo. Toboa chini ya gunia kama hakuna matundu, mwaga maji ya mvua taratibu mpaka yatoke chini, ngoja saa moja, rudia mara mbili. Mbolea iache wiki mbili. Majani yaliyoungua hayaponi. Tazama yale mapya. Yakitoka mazima, chumvi ndiyo ilikuwa adui. Majani ya chini yakiendelea kuungua kingo, shuku ukosefu wa potasiamu.

Jambo moja hukuuliza. Uchumvi wa maji ya Kivu ni bikaboneti zaidi kuliko kloridi, na maji hayo hupandisha pH ya udongo, yaani huupunguzia asidi. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unashindwa kunyonya chuma. Changanya maji ya ziwa na ya mvua nusu kwa nusu, na majivu ya jikoni usiyatie katika magunia hayo.