Barua kwa mwanangu: Mei yenye roshani au Julai bila dirisha

Nakuru

Mwanangu Chebet,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na mama yako amekwisha kutangaza safari yako kwa nusu ya kanisa kabla hata hujalipa.

Umeniuliza: meli ya Alaska, wewe na mama yako, wiki moja, bei karibu sawa. Julai kwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, au mwisho wa Mei kwa chumba chenye roshani. Unasema mimi ndiye niliyetandika vitanda kwenye meli hizo, kwa hiyo niamue. Basi chukua Mei. Sasa nikueleze kwa nini, maana najua utaniuliza.

Msimu wa meli kule ni mfupi. Huanza Aprili na kufungwa Oktoba. Julai hujaa kwa sababu shule zimefungwa na kila mtu amesikia ndio mwezi wa joto. Joto gani? Mjini Juneau mchana wa Julai ni kama nyuzi 18. Mwisho wa Mei ni kama 14 au 15. Wewe uliyekulia Molo, tofauti hiyo ni sweta moja tu. Cha kuangalia ni mvua. Pwani ile inanyeshewa hata mtu wa Kericho angeshika kichwa: Ketchikan, ambako karibu kila meli husimama, hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Unafuu uko kati ya Aprili na Juni. Kuanzia Agosti mawingu yanashuka na kukaa, na milima uliyolipia kuiona unaambiwa iko pale nyuma.

Mei pia theluji bado iko milimani, haijarudi kileleni kabisa, na maji yake yanateremka kwenye miamba pande zote mbili za mkondo. Mchana ni mrefu, zaidi ya saa kumi na saba, jua linazama karibu saa nne usiku. Mtu anakula chakula cha jioni, anapumzika, na bado anatoka nje kutazama nyangumi kwa mwanga wa kutosha. Nyangumi wenyewe kufikia wakati huo wamesharudi kutoka Hawaii kuja kula.

Utakachokosa Mei ni samoni na dubu. Samaki hao hupanda mitoni kwa wingi kuanzia Julai hadi Agosti, na dubu huwafuata. Kama ungeniambia mama yako anataka kuona dubu akivua, ningekutuma Agosti na koti la mvua. Lakini hajawahi kuniambia hivyo, na simbilisi wa kwa jirani tu anamtosha kumfanya apige kelele. Jambo jingine ni kwamba mapema katika msimu vipande vya barafu vinavyoelea huwa vingi, na mara nyingine nahodha hukataa kusogea karibu na mto wa barafu, yaani barafu nene inayoshuka mlimani hadi baharini, kama ule wa Hubbard. Hilo hutokea, na fedha hairudishwi. Septemba nayo bei hushuka, na usiku ukiwa na giza unaweza kuona zile taa za kaskazini angani, lakini Ghuba ya Alaska huanza kuchafuka. Kwa mtu anayetapika kwenye matatu ya kwenda Eldama Ravine, achana nayo.

Kabla ya chumba, angalia ratiba. Meli nyingi zinajiita za Alaska lakini hazipiti Glacier Bay, ghuba yenye mito ya barafu, kwa sababu hifadhi ile ya taifa huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku wakati wa kiangazi. Tafuta iliyoandikwa jina hilo waziwazi. Ningeacha roshani kabla sijaiacha siku hiyo. Askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi kutoka mashua ndogo, meli ikiwa haijasimama, halafu siku nzima wanaeleza kwa kipaza sauti. Mwaka 1794 wazungu waliopita pale walikuta barafu imeziba karibu ghuba yote. Leo meli inaingia ndani takribani kilomita 100 kabla ya kufika ilikobaki.

Mbele ya Margerie, mto wa barafu ulio mwisho wa ghuba hiyo, meli inazimisha mwendo na kujigeuza polepole. Ukuta wa barafu una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Watu wanategemea macho, na hapo ndipo wanapopitwa. Sauti hukufikia imechelewa: kipande kinakatika, kinaanguka, maji yanaruka, kisha ndipo unasikia mlio kama bunduki. Ukigeukia mlio, umeshachelewa. Mwambie mama yako achague sehemu moja ya ukuta, yenye ufa, aikazie macho. Na mkiamka kuna mawingu msinune. Siku ya mawingu ndiyo ile buluu ya barafu inakolea.

Siku hiyo meli inajigeuza, kwa hiyo upande wa chumba si kitu. Na kwa safari ya kwenda na kurudi bandari ileile, kushoto na kulia ni sawa tu, usikubali mtu akuongezee bei kwa hilo. Upande una maana kwa safari ya njia moja: kutoka Vancouver, Kanada, kwenda Seward au Whittier, bandari za Alaska, nchi kavu iko kulia, mkirudi kusini iko kushoto.

Sasa roshani yenyewe. Nitakuambia nilichokiona nikifuta vile viti vya nje kila asubuhi: vingi vilikuwa na umande uleule, hakuna aliyevikalia. Watu walilipia roshani wakakaa kutwa kwenye kamari na mezani. Na wale wa vyumba vya ndani ndio niliowakuta sitahani alfajiri, wamevaa kofia, wana darubini. Ungekuwa unaenda peke yako ningekuambia chukua cha ndani, ulale gizani kama jiwe, na mchana uishi juu. Lakini unampeleka mama yako. Magoti yake hayapendi ngazi, na lifti siku ya barafu hujaa. Yeye huamka saa kumi na moja kusali. Akiwa na mlango wake anajifunga shuka, anatoka dakika kumi, baridi ikimzidi anarudi ndani. Hiyo ndiyo kazi ya roshani kwenye nchi ya baridi, kutoka na kurudi bila kumwomba mtu nafasi. Kwake italipa.

Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini kidogo, kwa sababu mawimbi huyumbisha zaidi mbele, nyuma na juu. Ufungue ramani ya meli uangalie kilicho juu ya kichwa na chini ya miguu. Vyumba juu, vyumba chini, huko ndiko kwa kulala. Chini ya sitaha ya bwawa utasikia viti vikiburutwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nilipokea malalamiko hayo hadi nikayazoea. Na soma maneno madogo: chumba kingine kina roshani au dirisha zuri, lakini mbele yake imening'inizwa boti ya kuokolea.

Kuhusu bandari, ya Seattle ni rahisi kwako lakini meli hupitia bahari kuu, nje ya kisiwa cha Vancouver. Inayoanzia Vancouver hupita mikondo iliyofichwa na visiwa, ni tulivu zaidi. Kwa tumbo la mama yako ningependa Vancouver. Vyovyote vile, pasipoti yake ni ya Kenya, na viza ya Marekani peke yake haitoshi. Hata meli za Seattle husimama Victoria, ambayo ni Kanada, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli zilizosajiliwa nje kuzungusha abiria kati ya bandari zao bila kugusa nchi nyingine. Kwa hiyo viza ya Kanada kwanza, fedha za meli baadaye. Usifanye kinyume hata kama kuna ofa inayoisha usiku wa leo; wiki ijayo kutakuwa na nyingine.

Majaketi tutanunua mitumba hapa Nakuru, yatakuwa yanarudi kwao. Tutatafuta yasiyopitisha maji, si mazito. Uzito tutauweka kwa masweta ndani.

Nitumie jina la meli na namba ya chumba kabla hujabonyeza kulipa, nikiangalie kwenye ramani. Mama yako naye anauliza kama huko kuna chai ya maziwa. Nimemwambia watamletea maji ya moto, majani kwenye kifuko na maziwa baridi pembeni. Amesema atabeba majani yake na sufuria, sijui ataipasha wapi. Hilo mtamalizana wenyewe.

Baba yako