Re: Positroni kwa heli, bonde la 2 eV halionekani

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unahesabu jinsi positroni (elektroni yenye chaji chanya) zinavyotawanywa na atomu za heli, na unatafuta bonde, yaani nishati karibu na 2 eV ambapo mtawanyiko hupungua sana. Ulichukua programu yako ya elektroni, ukageuza alama ya chaji, na sasa mhamo wa fazi wa wimbi-s (kiasi ambacho atomu husogeza wimbi la chembe inayoijia bila mzunguko; chanya ni mvutano, hasi ni msukumo) ni hasi mwanzo hadi mwisho.

Anza na polaraizesheni, yaani atomu kuvutwa umbo na chaji inayoikaribia. Nami nilikwama hapohapo, karibu wiki mbili! Nilikuwa nimezidisha potenshali yote kwa -1. Sehemu tuli (ya atomu isiyobadilika umbo) ndiyo inayogeuka, kwa sababu kiini humsukuma positroni. Ile ya polaraizesheni, -α/2r⁴ (α ni wepesi wa atomu kubadilika umbo, r ni umbali kutoka kiini), haigeuki: inategemea mraba wa chaji, kwa hiyo inavuta tu, awe elektroni au positroni. Nilipoirudisha, fazi ilianza chanya karibu na sifuri, ikavuka sifuri kwenye 2 eV hivi. Hapo ndipo bonde lilipo, mvutano na msukumo vikikaribia kufutana.

Halafu futa kipengele cha mbadilishano (kinachotokana na elektroni kutotofautishika na zile za atomu), positroni si elektroni. Na usikatishe hesabu kwenye r ya 10 (vizio vya atomu). Mkia wa 1/r⁴ ni mrefu, mimi hufika 100.

Ukihamia gesi nyingine, neoni ina bonde lake karibu na 0.6 eV, lakini arigoni, kriptoni na zenoni hazina, usipoteze muda kulitafuta. Kwa heli usipite 17.8 eV kwa mbinu hii, maana positroniamu (positroni na elektroni zilizofungamana) huanza kuundwa.

Msimbo wako sijauona. Bandika mistari ya potenshali tuitazame.