Kingi tatu dhidi ya moja, na programu inazunguka tu

SWALI: Nimeandika programu ya drafti ya simu: ubao wa nyumba 64, kete 12 kila upande, kingi inakimbia mstari mzima. Inatazama hatua 8 mbele kwa alfa-beta (njia ya kutafuta inayoruka matawi yasiyoweza kubadili uamuzi), kisha inahesabu kete. Wachezaji wa kawaida inawafunga. Lakini ikibaki na kingi tatu dhidi ya moja, inazungukazunguka mpaka mtu anachoka. Je, nihamie kwenye mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza yenyewe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usihame kwanza, ndugu yangu. Kingi tatu kwa moja sasa hivi, kingi tatu kwa moja baada ya hatua nane: hesabu ni ileile. Kwa programu yako njia zote ni sawa, basi inachukua yoyote, halafu inarudi ilikotoka.

Kabla ya kugusa kodi (maandishi ya programu), tazama kingi ya mpinzani imekaa wapi. Kwenye drafti ya Kirusi, ambako kingi nayo hukimbia, kingi moja ikishika ule mstari mrefu wa pembe hadi pembe, tatu haziifanyi kitu, ni sare. Ikiwa nje ya mstari huo inakamatika, na Warusi wanakupa hatua 15 tu za kuikamata. Mzee aliyezeekea kwenye vizibo vya soda atakuwahi kwenye mstari huo, nawe utailaumu kodi bure.

Kama haiko hapo, fuata njia ya Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Mwaka 1989 alianza kutengeneza Chinook, programu ya drafti ya Kiingereza, ambayo kingi yake huenda nyumba moja moja. Mwaka 1990 ilikutana na Marion Tinsley, mchezaji aliyeogopwa kuliko wote. Chinook ilipocheza hatua ya 10, Tinsley alimwambia Schaeffer papo hapo kwamba atajuta. Kwenye hatua ya 36 Chinook ikasalimu amri. Mtu aliona mbali kuliko mashine, na kuongeza hatua za kutazama mbele peke yake kusingeziba pengo lile, kwani kila hatua unayoongeza inazidisha kazi maradufu.

Schaeffer akaanzia pia upande wa pili: mwisho wa mchezo, akirudi nyuma na kuandika kwenye jedwali matokeo ya kila mpangilio wa kete ubaoni. Alipomaliza, mwaka 2007, jedwali lake lilikuwa na kila mpangilio wa kete 10 au pungufu, kama trilioni 39, zilizobanwa katika gigabaiti 237. Jibu lake: wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Wewe zinakutosha kete nne. Mipangilio yote ya kete moja hadi nne ni 7,361,090. Anza na ile ambayo mwenye zamu hana kete, au hana pa kwenda: andika ameshindwa, hatua sifuri. Mpangilio wowote unaoweza kumpeleka mpinzani huko ni ushindi wa hatua moja. Ambao kila njia yake inampa mpinzani ushindi ni kushindwa. Rudia mpaka kusiwe na kinachobadilika; mipangilio iliyobaki ni sare. Geuza ubao ili mwenye zamu awe mweupe daima, usitengeneze jedwali mara mbili.

Hifadhi na idadi ya hatua zilizobaki, si ushindi na sare tu. Mimi niliwahi kubana nafasi kwa kuweka biti mbili kwa kila mpangilio (zinatosha ushindi, sare au kushindwa tu), na programu yangu, huku ikijua kabisa kwamba inashinda, ilizunguka vilevile kama yako. Kila hatua ilikuwa “ushindi”, sasa haraka ya nini? Baiti moja kwa mpangilio ni kama megabaiti 7. Picha chache za simu ni nzito kuliko hapo.

Kuhusu neva: Blondie24 ya Kumar Chellapilla na David Fogel ilijifunza drafti kwa mtandao wa neva bila mwalimu, lakini bado ilitafuta hatua mbele kama yako. Neva zilichukua kazi ya kupima ubao tu.

Anza na kete mbili, mipangilio 6,972. Simu inamaliza mara moja. Chagua kumi, zipange ubaoni, ucheze kwa mkono wako. Ukikuta hata moja imekosewa, usiende kwenye kete tatu, maana kosa hilo litapanda nawe.